Kopo Lisiwekwe Chini

Mzee Leodgar hakumpa Najiat lile kopo kama watu wanavyopeana vitu. Alilishika kwa mikono miwili, akamsubiri binti wa watu aweke begi lake la kamera kando, afute viganja kwenye kanga na kunyoosha mikono yote miwili, ndipo akaliachia. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, la zamani, lenye mpini wa waya uliozungushiwa kitambaa chekundu. Lilijaa majivu mpaka mdomoni.

"Umelipokea?" aliuliza.

"Nimelipokea, babu."

"Basi kila ukiwa hapa mzingani, lisiguse ardhi mpaka nirudi. Mkono wa kulia ukichoka, hamishia wa kushoto. Ikichoka yote miwili, lipakate. Siafu wakitokea, unazungushia majivu kwenye hizo panda mbili zinazobeba gogo. Kazi ya dakika moja."

Apolinaria, binti yake, alikuwa mlangoni na kikapu cha safari, na alicheka. "Baba, huyu ni mtu wa Tabora mjini. Usimtishe na mambo ya wapagazi."

"Hiyo Tabora mjini ilijengwa na nani, kama si wapagazi?"

Najiat naye alicheka, lakini kopo hakuliweka chini. Kisa cha wapagazi alikwisha kukisikia mara nyingi katika miezi minane ya kuja na kurudi pale Usoke. Babu wa babu yake Leodgar alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani, kwa ile njia ya misafara ambayo bado inapita nyuma ya shamba la mzee, siku hizi ikiwa kichochoro cha ng'ombe na baiskeli. Ukoo ule ulibaki na sheria moja tu kutoka kazi ile. Mzigo wa mwenzako ukishapokezwa, hauwekwi chini hadi mwenyewe arudi auchukue mikononi mwako. Anayeuweka chini ameukana. Hapigwi wala hafukuzwi, ila tangu siku hiyo hakuna anayempokeza kitu wala anayepokea kitu mkononi mwake. Akitaka chumvi, anawekewa chini. Akileta maji, anaambiwa aweke chini.

"Daktari akishanitoa huu utando," mzee alisema, akiligusa jicho lake la kulia, "kitu cha kwanza nataka kukiona ni hawa. Wewe Apolinaria utangoja. Wewe nakujua kwa kelele."

Hawa ni nyuki wadogo, wale wasiouma, weusi, ambao hata punje ya mchele inawazidi. Walikaa ndani ya gogo la mninga lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, lililolazwa juu ya panda mbili chini ya paa la jiko la zamani. Ncha ya mbele ya gogo ilikuwa na mlango wao, mrija mwembamba wa nta uliochomoza nje, na ncha ya nyuma ilizibwa kwa udongo. Aliyewaleta alikuwa Advera, mke wa mzee, miaka kumi na tisa iliyopita. Advera alipofariki, mtoto wa jicho akamziba mzee macho yote mawili, na kwa miaka sita akawa anaujua mzinga kwa sikio tu. Kila asubuhi aliweka sikio kwenye gogo, akasikiliza, akasema "wazima," kisha akaenda kunywa uji. Sasa madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitali ya Tabora, na zamu yake ilikuwa Jumatano. Angeondoka Jumanne na kurudi Alhamisi. Nyumba ile haikuwa na mtu mwingine wa kubaki.

Kwa hiyo alibaki Najiat, na kopo lake.

Najiat alikuwa na miaka ishirini na sita. Baba yake, Omari, ni fundi saa pale Tabora, na utotoni mwake binti alishinda chini ya meza ya baba, akipewa lenzi ya jichoni ili atulie. Kupitia lenzi ile aliona sisimizi akivuta bawa la nzi, na tangu siku hiyo vitu vikubwa havikumshughulisha sana. Simba walikuwa na wapiga picha wao. Yeye alitaka filamu ya wale tunaowakanyaga bila kujua, mchwa, buibui wanaoruka, nyuki wadogo wa mzee Leodgar. Abdulatifu, mwenye studio ya video mjini, alimpa kamera na lenzi ya kukuzia, akamtafutia kituo cha televisheni Dar es Salaam kilichokuwa tayari kuitazama kazi.

Wiki iliyopita Abdulatifu aliitazama yote, akasema neno lililomkosesha usingizi.

"Nzuri. Lakini imelala. Kila mdudu humo ana amani kuliko mimi. Hatari iko wapi? Wale wa Dar wanaitaka baada ya wiki mbili, na mimi siwezi kuwapelekea nyuki wanaoingia na kutoka kama watu wa ofisini."

Abdulatifu naye alikuwa na sheria yake, na aliisema kila mara kama mtu anayesoma dua: mpiga picha wa viumbe ni jicho, na jicho halina mikono. Ukimwokoa panzi leo, umemnyima kinyonga chakula chake, na filamu yako imekuwa uongo. Najiat aliiamini sheria hiyo. Aliwahi kumwacha buibui azame kwenye tone la umande huku machozi yanamtoka, na picha ile ndiyo iliyomfanya Abdulatifu ampe kamera nzuri.

Jumanne ilipita salama. Alikaa jikoni kutwa nzima, kopo likihama kutoka mkono hadi mkono, akila matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, aliyoachiwa na Apolinaria na kujicheka mwenyewe. Jioni alihakikisha duara la majivu lipo kuzunguka panda zote mbili, akaingia ndani kulala.

Alfajiri ya Jumatano mvua ilishuka kwa fujo. Paa la jiko la zamani lilivuja upande wa nyuma, maji yakachirizika juu ya gogo na kuteremka kwenye panda. Mvua ilipokatika na Najiat akatoka na kopo lake mkononi, duara la majivu lilikuwa limekuwa uji wa kijivu unaoelekea shambani. Mawingu yalikuwa bado mazito. Alikuwa anainama achote majivu makavu azungushe upya, aliposikia panzi.

Hawakuwa panzi wawili watatu. Majani yote ya upande wa kichochoro yalikuwa yanaruka. Nyuma ya panzi walitoka mende, kisha nge mmoja aliyekimbia mchana kweupe bila aibu, kisha mjusi. Kila mwenye miguu alikuwa anaihama ile njia ya zamani. Najiat alijua kabla hajawaona. Moyo ulimpiga kwa hofu, na chini ya hofu, tusifichane, kulikuwa na furaha.

Siafu. Walitoka kwenye njia ya misafara kwa mkanda mweusi wenye upana wa kiganja, askari wenye vichwa vikubwa wakiwa wamesimama pembeni, taya wazi, na wadogo wakipita katikati. Siafu hana macho, watu wa pale wanajua. Anakwenda kwa harufu ya aliyemtangulia, na aliyemtangulia alikuwa anakuja moja kwa moja jikoni. Najiat alikadiria hatua thelathini. Kwa mwendo wao, alikuwa na robo saa nzima ya kufanya kazi ya dakika moja.

Alimpigia Abdulatifu simu kwa mkono wa kushoto, kopo likiwa la kulia.

"Bosi, siafu wanakuja kwenye mzinga."

"Betri imejaa?"

"Imejaa."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Mzee ameniachia majivu. Nimemuahidi."

"Najiat. Siafu walikuwepo kabla yako na watakuwepo baada yako. Wewe ni nani pale?"

"Ni jicho."

"Basi."

"Nitarekodi kidogo tu, halafu nimwage."

"Hayo ya kumwaga ni yako na mzee wako. Mimi nataka picha."

Simu ilikatika. Hatua ishirini na tano.

Alisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, lenzi sentimita chache kutoka kwenye mrija wa nta. Alijaribu kufanya kazi na kopo mkononi, kama alivyoagizwa. Haikuwezekana. Lenzi ile inataka mkono mmoja uzungushe pete na mwingine usogeze reli, na ukipumua vibaya, nyuki anatoweka kwenye ukungu. Alilipakata. Magoti yakatetemeka, picha ikatetemeka nayo. Hatua kumi. Mshika mbili moja humponyoka, baba yake alikuwa na mazoea ya kusema hivyo kila alipomwona mteja anaongea na simu huku anachagua mkanda wa saa.

"Dakika tano tu," alisema kwa sauti, kana kwamba kuna mtu anayembishia. Akaliweka kopo chini, karibu kabisa na mguu wake wa kulia. Hata hivyo aliendelea kuliona kwa pembe ya jicho, na hilo lilimtuliza.

Siafu wa kwanza alipanda panda ya mbele. Alifika kwenye gogo, akapapasa, akaelekea mlangoni.

Kile alichokiona Najiat ndani ya lenzi hakuwahi kukiona mtu yeyote aliyemfahamu. Walinzi wa mzinga, nyuki sita wadogo waliokaa duara kwenye mdomo wa mrija, hawakuruka. Walirudi ndani, wakatoka tena, kila mmoja na tone la utomvu wa miti kwenye miguu yake. Wakaanza kuyapanga matone yale kwenye ukingo wa mlango, moja moja, kama fundi anayepachika vito. Siafu akakanyaga la kwanza, akanasa. Akavuta mguu, mguu ukabaki. Wa pili akapita juu ya mgongo wake, akanasa la pili. Na wakati huo huo, nyuma ya matone, nyuki wengine walikuwa wanauziba mrija wenyewe kwa nta, kutoka ndani. Tundu lilipungua likawa upana wa kijiti cha kiberiti. Likawa upana wa sindano. Mlinzi mmoja alikuwa amebaki nje. Aligeuka, akautazama ule mlango, akageuka tena kuwakabili siafu. Tundu likafunga.

Najiat alikuwa analia kwa furaha. Alinong'ona "jamani, jamani," bila kujua anamwambia nani. Alisahau kopo, alisahau mzee, alisahau kwamba ana mgongo na unauma. Saa ndogo kwenye kioo cha kamera ilisoma dakika kumi na moja.

Halafu mvumo wa gogo ulibadilika. Kwa miezi minane aliusikia ukiwa mmoja, wa chini, wa kuendelea. Sasa ulipanda ukawa mwembamba. Najiat aliinua uso kutoka kwenye kamera, na kwa mara ya kwanza tangu aliweke kopo chini, aliutazama mzinga kwa macho yake.

Ncha ya nyuma ilikuwa nyeusi. Siafu wenye akili, au wenye bahati, walikuwa wamepanda panda ya pili, wakakuta udongo uliolainishwa na maji ya paa. Walikuwa wameutoboa na wanaingia kwa wingi, mkanda mzima, bila hata mmoja kujali vita vya mlangoni. Zile dakika zote alikuwa anapiga picha ya mlango wa mbele huku nyumba inaibwa kwa nyuma.

Alilinyakua kopo akamwaga majivu yote kwa mpigo mmoja, juu ya gogo, juu ya panda, juu ya miguu yake mwenyewe. Waliokuwa nje walitawanyika. Waliokuwa ndani walikuwa ndani. Alianza kuwakwangua kwa vidole, wakamng'ata, taya zikabaki zimeshika ngozi hata baada ya miili kung'oka. Aliubomoa udongo wote kwa kucha, akaingiza mkono, akautoa umefunikwa mpaka kifundoni. Na nyuki hawakuweza kutoka. Mlango waliouziba ili wapone ndio uliowafungia. Alipotambua hilo aliuvunja mrija kwa kidole, wakatoka nyuki labda arobaini, wamelowa, hawaruki vizuri. Mchana siafu waliondoka kama walivyokuja, kila mmoja na kitu cheupe mdomoni, wakarudi kwenye njia yao ya zamani.

Kamera ilikuwa bado inarekodi. Aliizima, akakaa sakafuni, akajichukia kwa sababu mawazo yake ya kwanza yalikuwa kwamba amepata picha.

Alhamisi mchana mzee alishuka kwenye basi na kifuniko cheupe jichoni, akiwa ameambiwa na daktari asikitoe mpaka kesho. Hakwenda chumbani. Alipapasa ukuta mpaka jikoni, akaweka sikio kwenye gogo. Alisikiliza kwa muda mrefu. Akahamia upande wa pili, akasikiliza tena.

"Wamelala?" aliuliza.

Hapo ndipo Najiat angeweza kusema. Alikuwa amejizoeza kusema, usiku kucha. Lakini alipoona lile sikio limebanwa kwenye gogo tupu, maneno mengine yalimtoka.

"Siafu, babu. Nilimwaga majivu mara tu nilipowaona. Walikuwa wengi mno, wakapita nyuma kwenye udongo. Kamera niliiacha imesimama inajirekodi, mimi nikahangaika nao."

"Kopo ulikuwa umelishika?"

"Nilikuwa nimelishika."

"Halikugusa ardhi?"

"Halikugusa, babu."

Mzee aliinyoosha mikono yake, akaitafuta ya Najiat, akavipapasa vidole vilivyovimba, kimoja baada ya kingine. "Pole, mjukuu wangu," alisema. "Umepigana. Siafu wakiamua wameamua, hata Advera asingewaweza. Apolinaria, mpe mwenzako mafuta ya kupaka." Kisha akasema, kwa sauti ya kujifariji, "Si kitu. Nitawaona kwenye filamu yako." Najiat angeona nafuu kama angempiga kofi.

Filamu ilipendwa Dar es Salaam kuliko walivyotumaini. Wakakubaliana kwamba kabla ya kurushwa, ionyeshwe kwanza Usoke, baada ya wiki sita, kwa heshima ya mzee. Najiat alitumia wiki sita zile kutafuta kitu kimoja. Alikipata Bukene, kwa mfugaji mmoja aliyekuwa na nyuki wadogo kwenye magogo kumi, akanunua gogo moja lenye familia nzima. Mrija aliuziba kwa kitambaa chepesi, akaufunga mzinga kwa kanga, akasafiri nao kutoka Bukene mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Usoke, bila kuuweka chini. Aliupakata mapajani basi zima. Mama mmoja alimsifu kwa kuwa na mtoto mtulivu. Alijiambia kwamba akimpa mzee mzinga huu, mambo yatakuwa yamekwisha, na hakutakuwa na haja ya kufukua yaliyopita. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mwongo mwenyewe huiona ndefu na iliyonyooka.

Ukumbi wa parokia ulijaa saa tisa mchana. Madirisha yalizibwa kwa maturubai ya kufunikia tumbaku, na ukuta wa mbele ukapakwa chokaa jana yake uwe mweupe. Mzee Leodgar aliketi mstari wa kwanza, shati limenyooshwa, jicho la kulia likiwa safi kabisa. Najiat aliketi kando yake na mzinga mapajani. Aliusikia mvumo kwenye mifupa ya magoti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekonda. Na hicho ni nini?"

"Zawadi yako. Baada ya filamu."

Abdulatifu aliwasha mashine. Mchwa walijenga, watu wakashangilia. Buibui aliruka, watoto wakapiga kelele. Kisha ukuta mzima ukajaa uso wa nyuki mmoja mdogo, na mzee akashika mkono wa kiti.

"Mbona weusi hivi?" alisema kwa sauti, ukumbi ukacheka. "Nilishasahau. Mimi nilikuwa nawawaza wekundu. Tazama anavyojifuta uso! Advera alikuwa akisema wanajifuta uso, nikambishia." Machozi yalimtiririka waziwazi na hakuyafuta. Najiat alifurahi naye, kwa dakika mbili hizo, furaha ya kweli.

Wakaja siafu. Abdulatifu alikuwa ameipunguza kasi ile sehemu, kila hatua ya mguu ikichukua muda. Walinzi walitoka na utomvu. Tone la kwanza likapachikwa. Na kwenye ukuta wa parokia tone lile, ambalo kwenye kompyuta ya studio lilikuwa punje tu inayong'aa, likawa kubwa kama sufuria la msibani, la rangi ya asali, la mviringo, linaakisi kila kitu kilichokuwa mbele yake.

Najiat aliona mwanga wa upande wa wazi wa jiko. Aliona kamera juu ya miguu yake mitatu. Nyuma ya kamera aliona mtu ameinama, kanga ya bluu begani, mikono yote miwili kwenye lenzi. Na karibu na mguu wa yule mtu, juu ya ardhi, kopo lenye mpini mwekundu, na majivu yamejaa mpaka mdomoni.

Alitazama watu. Hakuna aliyekuwa anatazama lile tone, wote walikuwa wanamtazama siafu anayevuta mguu wake, wanamshangilia nyuki. Tone la pili likapachikwa, na ndani yake alikuwemo yule yule, ameinama vile vile. Tone la tatu. Picha ilikuwa ndefu na Abdulatifu, kwa kuipenda, hakukata hata sekunde. Najiat alitamani umeme ukatike. Hakuthubutu kugeuza shingo. Alisikia tu kwamba mzee, aliyekuwa anaongea tangu mwanzo, ameacha kuongea.

Tundu lilifunga. Watu walisimama, wakapiga makofi na vigelegele. Abdulatifu, uso unang'aa, alimwomba mzee aseme neno.

Mzee Leodgar alisimama polepole. "Nimewaona," alisema. "Nimeona kila kitu. Asanteni sana." Akaketi.

Walipotoka nje hakuomba kushikwa mkono. Alitembea mwenyewe, peke yake, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, kwa kichochoro kile cha nyuma ya shamba. Najiat alimfuata hatua tano nyuma na mzinga kifuani. Mikono ilikuwa inamuuma tangu Bukene. Walifika jikoni. Lile gogo la zamani lilikuwa bado juu ya panda zake, na kopo lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, limeoshwa.

Mzee alisimama akilitazama kopo. "Nieleze tena ile siku," alisema bila kugeuka. "Taratibu. Jicho ni jipya, labda na masikio yalikuwa mabovu."

Angeweza kudanganya tena. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umekwisha kutumika, umelainika. Lakini mzinga ulikuwa unavuma kifuani kwake na hakuweza.

"Niliweka chini, babu."

"Muda gani?"

"Dakika kumi na moja."

Mzee alitikisa kichwa kwa muda, kama mtu anayejifunza hesabu ngeni. "Advera alikaa nao miaka kumi na mitatu," alisema. "Na mimi sita, gizani." Hakupandisha sauti. Najiat alimwomba apandishe, moyoni, atukane, aite majirani. Hakufanya hivyo.

Najiat alipiga magoti, akaunyoosha mzinga mbele kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa mahali pale pale. "Hawa wametoka Bukene, babu. Familia nzima, na malkia wao. Sikuwaweka chini njia yote. Naapa kwa Mungu, sikuwaweka chini hata mara moja. Nipokee."

Mzee Leodgar aliinama. Jicho lake jipya liliutazama mzinga, likaona kitambaa kwenye mrija, likaona nyuki mmoja amejipenyeza na anajifuta uso kwenye uzi wa kanga. Mkono wake wa kulia ulinyanyuka kidogo. Kisha akaurudisha nyuma ya mgongo, akaushika kwa ule wa kushoto.

"Uweke chini," alisema. "Nitauokota mwenyewe."